Faili Halifunguliwi Bila ya Mume: Miezi 14 Katika Kliniki ya Uzazi Mjini Unguja

Kwenye ukuta wa mapokezi, juu kidogo ya tangi la maji ya kunywa, pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono isemayo kwamba faili la uzazi halifunguliwi ikiwa mume hakuja. Mke wangu aliisoma kabla yangu, akacheka kwa sauti ya chini, na nilipomuuliza anacheka nini akaninyooshea kidole ile karatasi bila ya kusema neno. Ilikuwa Januari 2024, mwaka wa nane wa ndoa yetu, na ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa kwenye benchi la kliniki ya uzazi. Kwake yeye hiyo ilikuwa kliniki ya nne.

Kliniki ninayoizungumzia ni ya binafsi, ipo upande wa Ng'ambo, ghorofani juu ya maduka. Sitaitaja jina, kwa kuwa nina malalamiko ambayo wenyewe nimeshawaeleza uso kwa uso, na kwa kuwa wengi wanaopanda ngazi zile hawapendi ijulikane wamekwenda wapi. Pale hufanywa vipimo, matibabu ya dawa na maandalizi; anayehitaji kupandikizwa mimba hupelekwa kwenye maabara ya washirika wao Dar es Salaam. Ninayoyaeleza ni ya miezi 14, kuanzia siku ya karatasi ile hadi Februari 2025, pamoja na kipande kidogo cha baadaye. Mke wangu ameyasoma yote, amefuta mistari miwili na kuongeza mmoja.

Huduma bora kuliko zote katika kliniki hii ni ile karatasi ya ukutani, nami nasema hivyo nikijua kwamba wana mashine za bei kubwa. Katika miaka saba iliyotangulia mke wangu alitolewa damu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, alipigwa ultrasaundi, na mara mbili alipigwa picha ya mirija ya uzazi kwa kutiwa dawa ndani, kipimo ambacho hadi leo akikisimulia hukunja uso. Nje ya hospitali alichuliwa tumbo na mkunga mmoja wa shamba aliyesema kizazi kimeshuka, akanywa mizizi ya kutibu chango, akanywa na kombe la zafarani kwa siku 21. Mimi kwa muda wote huo kazi yangu ilikuwa kulipa nauli. Hakuna daktari, mganga wala mzee aliyewahi kuniuliza swali hata moja, nami sikujiuliza, kwa sababu nilikuwa mzima wa afya, sina upungufu chumbani, na kwa fikra za wanaume wa hirimu yangu mtu wa namna hiyo hana cha kupimwa. Hata lugha ilinisaidia kujificha. Neno tasa, ambalo katika aya ya 50 ya Surat Ash-Shura limemkusudia yeyote yule ambaye Mwenyezi Mungu ametaka awe hivyo, huku mitaani kwetu hujua njia ya kwenda kwa wanawake peke yao.

Daktari wetu, bibi wa makamo asiyependa maneno mengi, alitueleza mambo ambayo kliniki tatu za mwanzo hazikuwahi kuyasema mbele yangu, maana sikuwako. Alisema kwamba sababu za upande wa mwanamume, peke yake au zikichanganyika na za mwanamke, huonekana katika takriban nusu ya wanandoa wanaotafuta mtoto wasimpate. Alisema pia kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya kila sita hukumbwa na tatizo hili katika maisha yake, kwa hiyo tusijione tumeandamwa. Kisha akauliza, kwa upole lakini bila ya kuzungukazunguka, ni kwa nini kipimo kisicho na sindano wala kisu, kinachomalizika kwa kikopo na darubini, kiliachwa miaka saba huku vile vyenye maumivu vikirudiwarudiwa. Alikuwa akiniangalia mimi. Nilimwambia sijui, na hilo lilikuwa kweli kwa namna mbaya.

Kuhusu kikopo lazima niseme, kwa sababu hapa ndipo huduma ilipopwaya. Chumba walichotenga kwa ajili ya wanaume ni choo kilichopakana na meza ya mapokezi, kikiwa na mlango mwembamba kiasi kwamba mtu aliye ndani anasikia majina yakiitwa nje, na walio nje, nadhani, husikia wanayoyasikia. Nilitoka mara mbili bila ya kitu. Mara ya tatu muuguzi wa kiume akanipa njia nyingine ambayo ingefaa itangulizwe tangu mwanzo: mtu hujizuia siku mbili hadi saba, huchukua manii nyumbani kwake kwa msaada wa mkewe, huyatia kwenye kikopo safi walichompa wao, kisha hukileta ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Basi nikatoka Fuoni asubuhi, kikopo nimekibana kwapani ndani ya kanzu, nikimwomba Mungu foleni ya Mwanakwerekwe iwe nyepesi, na jirani aliyenipa lifti akaniuliza kulikoni mbona mkono mmoja siushushi. Nilimwambia jipu.

Kwa upande mwingine, namna wanavyoshughulikia majina ni ya kusifiwa sana. Wasiokaa visiwani huenda wasilione tatizo, lakini siku moja kwenye benchi lile walisimama wanaume watatu kwa jina moja lililoitwa, jina la mtu, la baba na la babu, kwa kuwa majina yetu ni yale yale tunayorithishana. Kliniki hii haichukui sampuli kwa jina peke yake. Kikopo huandikwa namba ya faili, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na mwaka wa kuzaliwa, mtu mwenyewe huyasoma kwa sauti, na wafanyakazi wawili hutia saini kwamba wamesikia. Kule Dar es Salaam nako walitufunga mikanda ya namba mikononi, mimi na mke wangu, na kila hatua namba mbili hulinganishwa mbele ya shahidi. Katika dini ambayo hata maziwa yana hukumu yake, ambapo kwa madhehebu ya Shafi mtoto akinyonya mara tano kwa mwanamke asiyemzaa huwa ni mwanawe wa kunyonya na watoto wa mwanamke yule huwa maharimu zake, kosa la kibandiko halihesabiki kuwa kosa la ofisini, kwani huharibu nasaba, mirathi na ndoa za watu ambao bado hawajazaliwa. Nilipouliza mara tatu kama utaratibu ule hufuatwa hata siku za pirikapirika, hakuna aliyenikasirikia.

Majibu yalitoka wiki ileile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limeweka kiwango cha chini cha mbegu milioni 16 katika kila mililita moja. Mimi nilikuwa na milioni nne, na nyingi katika hizo hazikuwa na mwendo. Daktari hakutaka tuhukumu kwa kipimo kimoja, akaeleza kwamba mwili wa mwanamume huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengeneza mbegu mpya, kwa hiyo homa au dawa za miezi iliyopita huweza kuonekana kwenye kipimo cha leo. Tukarudi Aprili, baada ya Sikukuu. Idadi ilikuwa karibu ileile, na uchunguzi ukaonesha mishipa ya damu iliyovimba upande wa kushoto wa korodani, hali inayopatikana kwa wanaume wengi, na ambayo huzidisha joto mahali pasipotakiwa joto.

Sikusema kitu hadi tulipofika nyumbani. Mama yangu, ambaye ni mavyaa wa mke wangu na anampenda kwa dhati, alikuwa tangu mwaka wa tano wa ndoa akinidokeza juu ya mke wa pili, na alishafika mahali pa kunitajia binti wa watu wa Bububu, mwenye adabu zake, aliyekuwa tayari. Nami sikuwa nimekataa. Nilikuwa nimesema nitafikiri, na mke wangu alijua kwamba nafikiri, akawa anaishi katika nyumba ambayo mwenziwe anafikiri. Usiku ule nilipiga hesabu: ningeoa, ningetoa mahari, na baada ya mwaka mmoja au miwili binti wa Bububu naye angechuliwa tumbo na kunyweshwa mizizi, naye angeitwa tasa. Mama nilimweleza mwenyewe, peke yetu, barazani. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kama nimemwomba radhi mke wangu. Huo ndio mstari ambao mke wangu alitaka kuufuta na mwenyewe akaurudisha, kwa hiyo unabaki bila ya maelezo zaidi.

Upasuaji wangu wa ile mishipa ulifanywa Juni katika hospitali nyingine ya mjini kwa barua ya kliniki hii. Nilipewa fomu, nikasaini, nikalala, nikaamka. Mke wangu alikuwa nje kwenye benchi na hakuna aliyemtafuta ili atie saini ya kuniruhusu. Jambo hilo sikulitambua hadi lilipokuja kufanana na jingine, nitakalolieleza.

Oktoba mbegu zilifika milioni saba. Daktari alisema tunaweza kuendelea kungoja kwa njia ya kawaida, lakini mke wangu alikuwa ametimiza miaka 36, na hapo mwanamume na mwanamke hawako sawa mbele ya kalenda: mimi natengeneza mbegu upya kila siku, yeye alizaliwa na mayai yake yote na hupungua idadi na ubora kwa miaka. Akatushauri njia ambayo mbegu moja huchaguliwa kwa darubini na kuchomwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba kuliko unywele. Kinachofanya niieleze kwa urefu ni jambo ambalo sikulisikia kwa mtu yeyote kabla ya kuliona. Upandikizaji wa kwanza uliozaa mtoto, Louise Brown, aliyezaliwa Oldham nchini Uingereza tarehe 25 Julai 1978, ulifanywa kwa sababu mirija ya mama yake ilikuwa imeziba. Njia hii ya kuchoma mbegu ndani ya yai ilikuja baadaye, ilitangazwa kutoka Brussels mwaka 1992, na faida yake kubwa ni kwa wanaume wenye mbegu chache kama mimi. Pamoja na hayo, anayetibiwa bado ni mwanamke. Ugonjwa ulikuwa wangu, na sindano zilikuwa zake.

Zilikuwa sindano za siku 11, jioni kwa jioni, chini ya kitovu, za kuyakuza mayai mengi kwa pamoja badala ya moja la kila mwezi. Muuguzi wa kliniki alinifundisha mimi kuzichoma, na hilo nalo nalisifu, kwa kuwa hakumwuliza mke wangu kama ana dada wa kumsaidia. Aliniita, akanipa chungwa na bomba la sindano, akanisimamia hadi mkono ukaacha kutetemeka. Tulihamia Dar es Salaam kwa wiki tatu, kwa jamaa zetu Ilala, dawa tukizivusha kwa boti ndani ya chombo cha barafu ambacho mabaharia walidhani kina pweza. Ilikuwa wakati wa kaskazi na bahari ilichafuka. Mke wangu alitapika kutoka bandari ya Malindi hapa Unguja hadi tulipofunga gati. Tumbo lilijaa, alipata maumivu ya kichwa, alilia bila ya sababu akacheka bila ya sababu, na kila siku mbili alipigwa ultrasaundi. Ilipotimia, alichomwa sindano ya mwisho usiku, na baada ya saa 36 akalazwa usingizi wakamvuta mayai tisa. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kikopo.

Kabla ya kulazwa usingizi ililetwa fomu. Mahali pa kwanza pa saini paliandikwa idhini ya mume. Sipingi saini mbili kwenye karatasi inayohusu kiinitete, yaani yai lililokwisha kupokea mbegu likaanza kukua, kwa sababu kiinitete ni cha watu wawili na ni haki kila mmoja aulizwe. Lakini karatasi hii ilihusu dawa ya usingizi na sindano ndani ya mwili wa mtu mzima mwenye akili timamu, mwenye duka lake, na nilikumbuka kwamba Juni mimi nilijiruhusu mwenyewe. Nilimwuliza dada aliyeleta fomu kama ninapofanyiwa upasuaji mimi kuna mahali pa idhini ya mke. Alisema fomu zimekuja hivyo.

Risiti pia zimekuja hivyo. Gharama yote, dawa zikiwemo, ilikuwa shilingi milioni 13 na laki nane, mbali na nauli na maisha ya wiki tatu. Zaidi ya nusu ilitoka kwa mke wangu: faida ya duka lake la vitambaa pamoja na zamu yake ya upatu, ambayo wanawake wenziwe walikubali kumtanguliza baada ya kuwaeleza anaitakia nini. Alilipa mwenyewe kwa simu yake, ujumbe ukatoka kwa jina lake, na risiti zote nane zikachapwa kwa jina langu kwa kuwa faili ni la mume. Wapo watakaosema haya ni madogo, na mimi zamani ningekuwa miongoni mwao. Lakini tunaishi mahali ambapo Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imeipa mahakama hiyo uwezo wa kuangalia michango ya wanandoa katika mali, na anayejua nini hutokea mbele ya kadhi pale mwanamke anapodai kuwa alichangia na karatasi hana, hawezi kuiona risiti kuwa ni kitu kidogo.

Nilikumbuka hapo habari ya Jean Purdy, muuguzi aliyefanya kazi na mwanasayansi Robert Edwards na daktari Patrick Steptoe hadi Louise Brown akazaliwa, na aliyekuwa pale kwenye darubini kiinitete kilipoanza kugawanyika. Alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39. Kibao cha ukumbusho kilipowekwa hospitalini Oldham jina lake halikuwamo, ingawa Edwards mwenyewe, aliyekuja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2010, alikuwa ameandika kudai liwemo. Nilimsimulia mke wangu kwenye boti ya kurudi. Alisema, huyo naye walimwandikia risiti ya mume.

Kuna swali moja kwenye dodoso la kuingilia ambalo ningependa lifutwe au liandikwe upya. Huulizwa, mna watoto, na mahali pa jibu ni ndiyo au hapana. Nyumbani kwetu yupo binti wa miaka sita, mtoto wa shemegi yangu wa Wete, ambaye mke wangu amemlea tangu alipoacha ziwa, kama ambavyo mke wangu mwenyewe alilelewa na khalati yake. Humwita mama. Anajua mama aliyemzaa na siku za likizo huenda Pemba kwake, wala hakuna kinachomtatiza katika hilo. Mke wangu aliposhika kalamu alisita muda mrefu, na mpokezi, kwa nia njema, akamwambia aandike hapana. Najua daktari anahitaji kujua kama tumbo limewahi kubeba mimba, na hilo lina namna yake ya kuulizwa. Lakini kijitabu chao chenye picha ya baba, mama na mapacha wawili kwenye kochi jeupe, bila ya bibi, bila ya shangazi, bila ya mtoto wa ndugu aliyekuja kusoma skuli ya mjini, kimechorwa na mtu asiyeijua nyumba yoyote ninayoijua mimi. Teknolojia hii ikizoeleka hapa, nahofia watoto wetu wataanza kuona kwamba asiyezaliwa tumboni hahesabiki, jambo ambalo bibi zetu hawakuliona hata siku moja.

Upande wa dini kliniki imejitahidi nusu. Mnasihi wao alituonesha muhtasari wa maamuzi ya Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, lililokutana Amman mwaka 1986 na kuruhusu njia mbili tu: mbegu ya mume na yai la mke yakutanishwe nje kisha kirudishwe kwenye kizazi cha mke huyohuyo, au mbegu ya mume iwekwe moja kwa moja katika kizazi cha mkewe. Yai la mwanamke mwingine, mbegu ya mwanamume mwingine na kizazi cha kuazima vimekatazwa. Alituambia pia, kwa kuwa kliniki huhudumia watu wa kila namna, kwamba wapo Waislamu wenye rai tofauti, akatolea mfano fatwa ya Ayatollah Khamenei wa Iran, wa madhehebu ya Shia, ya mwaka 1999 iliyolegeza suala la mbegu na mayai ya kupewa. Alisema hayo bila ya kumdharau yeyote, na kisanduku cha mbegu za kupewa kwenye fomu yetu akakikata mbele yetu kwa mistari miwili.

Ambacho hakutuandaa nacho ni ziada. Katika mayai tisa, saba yalikuwa yamekomaa, matano yakapokea mbegu, na siku ya tano vilibaki viinitete vitatu. Kimoja kilirudishwa. Viwili vikabaki, na mtu wa maabara akauliza kwa simu kama tunavigandisha, akitaka jibu kabla ya alasiri. Baraza lilelile, katika kikao cha Jeddah cha mwaka 1990, liliagiza yarutubishwe mayai kwa idadi inayohitajika tu ili ziada isitokee, na ikitokea iachwe ijifie yenyewe. Wapo wanazuoni wengine wanaoruhusu kuhifadhi maadamu ndoa ipo. Nilimpigia sheikh wetu akiwa darasani kwake, nikamsikia akiwaambia wanafunzi wasubiri. Alituruhusu kufuata rai ya pili kwa sharti kwamba ndoa ikivunjika kwa talaka au kifo, viachwe. Kliniki yenye wateja wa Unguja na Pemba haipaswi kumfikisha mtu kwenye uamuzi kama huo kwa simu, mkewe akiwa bado na uchovu tangu alipolazwa usingizi siku tano nyuma, na saa zikihesabika. Mazungumzo hayo mahali pake ni mwezi wa kwanza, tena kwenye benchi, tena kwa watu wote wawili.

Fomu ya kuhifadhi nayo ina maswali matatu: mmoja akifa, mkiachana, msipolipa. Kwenye swali la pili palitakiwa saini ya mume kwamba ndiye mwenye uamuzi. Hapo mke wangu alikataa kabisa, nami nikakataa pamoja naye, tukaandika wenyewe pembeni kwamba uamuzi ni wa wawili na kwamba talaka ikipita hakuna mwenye haki ya kuvitumia. Walipokea. Ningependa kujua mwenye kliniki angefanya nini mume angalisaini na mke akaja peke yake baada ya eda kuuliza vilivyo vyake.

Mengine kwa ufupi. Wapokezi ni wapole. Saa za kufungua huheshimiwa, isipokuwa Ijumaa. Bango la ngazini linalotangaza asilimia kubwa ya mafanikio halisemi ni mafanikio ya nini, ya kipimo cha mimba kuwa chanya au ya mtoto aliyezaliwa akapakatwa, na baina ya mawili hayo pana safari ndefu ambayo wengi huishia njiani. Lishushwe. Habari ya mapacha nayo isitangazwe kama zawadi, kwa kuwa mimba ya mapacha huongeza hatari ya kuzaa kabla ya wakati. Daktari mwenyewe alitushauri kurudisha kimoja, kwa hiyo bango na daktari hawajaonana.

Februari 2025, siku chache kabla ya Ramadhani, kipimo cha damu kilionesha hakuna mimba. Daktari alitupigia yeye mwenyewe, hakumwachia mpokezi, na akataka tuwe sote wawili kwenye simu ndipo aseme. Alikaa nasi hewani hadi tukamaliza kunyamaza.

Viwili vilivyobaki bado vipo Dar es Salaam katika naitrojeni ya baridi kali, na tutakwenda tena zamu ya upatu ikizunguka. Agosti ilipofika tukalipa ada ya miezi sita ya kuvihifadhi. Alilipa mke wangu, risiti ikatoka kwa jina langu. Nilipanda ngazi kuirudisha. Dada wa mapokezi aliiangalia, akanitambua, akachukua kalamu, akalikata jina langu na kuandika la mke wangu juu yake, kisha akagonga muhuri. Alisema kompyuta bado haikubali.